Viwavi wa Matembele

Jumatatu, 5 Mei
Nimerudi kutoka kufundisha shule, nimemwagilia bustani. Mafua hayajaisha. Matembele yametobolewa ovyo. Nimegeuza jani: kiwavi wa kijani, mnene kama kidole gumba, pembe mkiani. Nimehesabu kumi na mmoja, nikaacha. Nina hasira. Nimenunua dawa ya wadudu, muuzaji amenipimia kwenye chupa ya maji.

Jumatano, 7 Mei
Nimepiga dawa asubuhi, mbiombio, nikawahi kipindi cha kwanza.

Siku hiyohiyo, jioni
Matembele yamechumwa. Mtaani kwetu hapa Madale hayaombwi. Anayetaka anaingia anachuma. Aliyechuma ni jirani yangu Mama Neema. Ana mimba ya miezi minane. Sikumwambia. Wamekula mchana.

Nilikimbia kwake na kandambili moja. Alinisikiliza, akashika tumbo, akasema taratibu, "Mama Joel, mbona hukuniambia?" Mjinga mimi. Bajaji hadi zahanati. Nesi akataka kuiona dawa yenyewe, nikarudi kuifuata.

Chupa ya dawa nikaikuta juu ya kabati, imejaa, nailoni niliyoifungia bado ina fundo. Iliyopungua ni ya pembeni yake: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Zote nyeupe, zote kwenye chupa za maji, na pua yangu imeziba. Sikuamini. Nikaenda bustanini kuhakikisha. Viwavi wapo, wanatafuna. Nikakaa kwenye tope, nikalia. Sijawahi kumpenda mdudu kiasi hiki.

Alhamisi, 8 Mei
Mama Neema karudi nyumbani, mzima. Mtoto anacheza tumboni. Dawa nimeirudisha dukani. Viwavi nimewaachia tuta zima. Haki yao.

Jumamosi, 24 Mei
Viwavi hawaonekani tena. Nikipalilia nimefukua mmoja, kageuka bundo, amejifungia kabla ya kuwa nondo: la kahawia, gumu, lina kishikio kama cha birika. Nimelifukia palepale.

Jumapili, 15 Juni
Jua likizama, nondo wa kijivu kaja kwenye ua la mpapai. Tumbo lina mistari ya waridi. Hatui, ananing'inia hewani, ulimi mrefu kuliko mwili. Nilisimama na ndoo mkononi mpaka akaondoka.

Mama Neema amejifungua wiki iliyopita, wa kike. Bado hatoki ndani. Nimempelekea ugali na matembele ya bustanini. Alinawa, akakata tonge, akachovya, akala. Hakuuliza kitu.