Mwandiko wa Kushoto Katika Daftari la Pesa

Bi. Dalia mpendwa, mimi ni msomaji wa safu yako ya ushauri gazetini, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaamua kwamba nimerukwa na akili, maana hata mume wangu sijamweleza haya, na muda nilio nao ni mpaka Ijumaa.

Mimi ni Mganda, nina miaka arobaini na tatu, naishi Hallunda, hapa Sweden, na mume wangu Umar, mzaliwa wa Tanga, ambaye ni dereva wa basi, pamoja na binti yetu Malaika wa miaka kumi na mitatu, na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba moja ya wazee kule Vällingby. Mwezi wa tisa kikundi chetu cha akina mama kilimwalika Dorothy, Mganda mwenzangu, atufundishe kuandika daftari la pesa, si mahesabu, hapana, alisema hataki kuona tarakimu hata moja, anachotaka ni kila asubuhi tujibu swali moja bila kujificha: kwenu pesa ilizungumzwaje, ukiwa nayo unaogopa nini, hofu hiyo ulifundishwa na nani. Nililipenda jambo hilo kwa sababu mimi nina ugonjwa, Bi. Dalia, nikinunua kitu kizuri nakificha, koti la Malaika la baridi nimelirudisha dukani mara mbili, gari alilolitaka Umar nililikataa, na nikiulizwa sababu sina.

Wiki ya tatu nikafungua daftari nikakuta mstari ambao sikuuandika. Ulikuwa kwa Kiganda, lugha ambayo sijaiandika tangu nije Sweden, herufi zote zimelalia kushoto: "Wakijua unazo, watakuja." Nikadhani Malaika ananitania, nikasahau kwamba hajui Kiganda. Kesho yake nikaukuta tena, ule ule, chini ya jibu langu. Nikamwita, nikamwonyesha. Akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba mwandishi ni mimi, aliniona.

"Uliniona lini?"

"Asubuhi, mama. Uji ulikuwa unaungua, nikakuita mara tatu hukugeuka. Ulikuwa umesimama, unaandika kwa mkono wa kushoto."

Bi. Dalia, mimi natumia wa kulia. Kwa kushoto hata kijiko kinanishinda.

Nikampigia mama yangu simu Masaka, nikamsomea ule mstari, akaniomba niusome tena, kisha akauliza, "Nani kakupa maneno hayo?" Unajua, baba yangu alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli, na mimi sijatimiza miaka mitatu walikuja watu wenye bunduki mchana kweupe wakamchukua, hakurudi. Mama akasema maneno hayo baba aliyasema jikoni siku moja kabla ya kuchukuliwa, wakiwa wawili tu, na mimi nilikuwa mgongoni mwa mama nimelala. Akasema baba alikuwa ameishi na hofu mwaka mzima, akauza hata redio, akawa anavaa shati lililochanika begani ili aonekane hana kitu, na bado walikuja. Nikamuuliza baba alikuwa akiandika kwa mkono gani.

"Wa kushoto," akasema. "Kwa nini unaniuliza?"

Nikamwambia nauliza tu, nikakata simu.

Sasa Umar amepata nyumba ya kununua kule Upplands Väsby, ndogo, ina bustani, benki imekubali, tunatia saini Ijumaa. Tulipokwenda kuiona mimi nilishindwa kuvuka kizingiti, miguu ilikataa kabisa, Umar akaona aibu mbele ya wakala wa nyumba, na njiani akaniambia nikikataa na hili atajua ninayemkataa ni yeye. Jana asubuhi mstari ukabadilika: "Madirisha ni mengi mno." Nilichome daftari? Baba ananikataza? Nifanye nini?

Shamim, Hallunda

*

Shamim, pole sana. Barua yako niliisoma saa tisa mchana, nje giza limeshaingia kama kawaida ya majira haya ya baridi, na nakiri niliusukuma mlango kuhakikisha umefungwa. Kwa hiyo sitakucheka.

Mkono wako umewezaje kuandika hivyo? Sijui, na anayekuambia anajua mwogope. Ninachojua ni kwamba mtoto aliye mgongoni husikia hata usingizini, kwa sababu sauti ya mama inapita kwenye mbavu zake. Hofu ile uliipokea kabla hujajua kusema, ukakua nayo ukidhani ni tabia yako. Dorothy alikuuliza nani alikufundisha. Umejibiwa.

Lakini nakugombeza sasa. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako wa kulia, kwamba baba yako aliuza redio, akavaa shati lililochanika, na bado walikuja. Halafu ukapita kama hujaona! Shamim, kujificha hakukumwokoa. Hakuonyesha kitu, na walikuja. Walikuja kwa sababu walikuwa watu waovu wenye bunduki, basi. Wewe umemnyima mtoto koti kwa kufuata kanuni ambayo haikumkinga hata yule aliyeitunga. Na mimi nisiyekujua umenieleza yote, mume unayelala naye unamwacha aamini kwamba humtaki. Hilo si haki.

Daftari usilichome. Keti mezani mchana, uandike kwa Kiganda, chini ya kila mstari wake, jibu lako wewe. Usiufute wake. Ni baba, muda wote huu hakuna aliyemjibu.

Kesho piga simu kituo cha afya cha mtaani kwako. Mtu asiyesikia akiitwa mara tatu, na jiko linawaka, lazima aonwe na daktari, hata kama mstari unatoka kaburini. Mpaka hapo, asubuhi jikoni asimame Umar. Mama yako naye mpigie tena umwambie ukweli. Amebeba siri ile ya jikoni peke yake miaka arobaini.

Kuhusu Ijumaa, mkihitaji siku chache, Umar amwombe wakala, wanaombwa hivyo kila siku. Nendeni tena kwenye ile nyumba, mguse kuta, mkague bomba na paa. Ukiikataa, iwe kwa sababu paa linavuja. Na koti likanunuliwe leo, risiti uitupe.

Kisha jambo moja limenikaa moyoni tangu nilipomaliza kukusoma. Katika barua nzima umemtaja mume, binti, hata mwalimu wa daftari. Baba yako hukumtaja jina. Weka gazeti chini, nenda alipo Umar, Malaika naye awepo, uwaambie jina lake. Litamke lote, kwa sauti ya kawaida. Anzia hapo.

Bi. Dalia