Mkunga Alikuwa Wewe

Nuru, rafiki yangu,

Nakuandikia na bado siamini. Habari nilipewa na dereva wa lori la alizeti, pale nje ya wodi, nikiwa naanua mashuka. Akasema, "Yule mkunga wa kijijini kwetu amefariki. Uzazi." Nikacheka, Nuru. Nikamwambia, "Umesikia vibaya. Mkunga ndiye anayezalisha." Hakucheka. Alivua kofia yake akaishika mkononi, na shuka likanidondoka kwenye vumbi.

Wewe? Wewe uliyetufundisha sisi wote kushika kichwa cha mtoto bila kuogopa?

Unakumbuka siku ile chuoni, matroni alipotangaza kwamba mhitimu atakayekubali kwenda vijiji visivyo na wauguzi ataongezewa hela juu ya mshahara? Hata hakumaliza kusema, mkono wako ukawa juu. "Hiyo hela ni yangu!" Darasa zima tukaangua kicheko. Ulitaka kumwezekea mama yako nyumba kule Kilosa, hukumficha mtu. Mimi nikapangiwa hospitali ya mjini hapa Singida, wewe ukapanda lori kwenda kijiji kipya, mbele ya Sepuka, watu wakiwa ndiyo kwanza wamehamia na nyumba nyingi hazina milango.

Ulinisimulia mwenyewe ulivyosimamishwa kwenye mkutano wa kijiji. Mzee mmoja akauliza kama umekuja kuwahudumia au umefuata pesa. Ukamjibu, "Shikamoo baba. Nimefuata pesa. Na watoto wenu nitawapokea vizuri." Eti akina mama wakapiga vigelegele. Ukawa wao tangu siku hiyo. Mwaka uliofuata ukaolewa hukohuko na Mwalimu Hamisi, na kila ukija mjini kuchukua dawa Kiswahili chako kimezidi kuchanganyika na Kinyaturu, mpaka nakutania kwamba Kilosa watakukana.

Mara ya mwisho nilikupima tumbo mimi mwenyewe, kwenye kitanda changu. Nikakusihi uje ukae kwangu mwezi wa mwisho. Ukavaa viatu vyako taratibu, ukasema, "Nikija huku, wale nitamwachia nani?" Uliomba mtu wa kukushikia nafasi. Hakupatikana.

Yaliyotokea alinieleza Hamisi. Uchungu ulikushika asubuhi, ukiwa unamzalisha mke wa jirani yako. Ukaendelea naye. Ulikuwa unakaza meno, unasubiri upite, unarudi kwake. Mtoto wake alipolia, ndipo ukajilaza kwenye mkeka wa pembeni.

Mwanao alitoka salama. Kondo la nyuma halikutoka, na damu ikawa haikatiki.

Nikifika hapo, kalamu inagoma. Eti ulikuwa unamwelekeza Mzee Njiku, mgawa dawa, kwa mdomo. Sindano alikuchoma kama ulivyomwambia. Lakini mkono wa kuingia kutoa kondo, huo hakuwa nao, mzee wa watu, alikuwa analia. Ukawaambia akina mama wakukande tumbo, hapa, hapana, chini kidogo. Mpaka sauti ikaisha. Wanaume wakakubeba kwa kitanda cha kamba kuwahi lori ng'ambo ya korongo, na korongo lilikuwa limejaa maji. Ulikata roho ukingoni, jua likiwa juu kabisa. Wenyewe wanasema hawajaelewa mpaka leo mkunga anakufaje kwa uzazi.

Nilipofika ulikuwa umeshazikwa. Mama yako naye alifika kutoka Kilosa baada ya mazishi. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono asiuachie. Akauliza, "Kwani huku hakukuwa na mkunga?"

Nikamwambia, "Alikuwepo, mama. Alikuwa yeye."

Akaomba aletewe mjukuu wake.

Binti yako ananyonya kwa yule jirani uliyemzalisha kwanza. Ana paji lako la uso, na hasira zako pia. Hamisi hajampa jina, anasema bado anasubiri akili imrudie.

Sasa sikia. Kabla arobaini yako haijafika, afisa anayetupangia vituo akaniita ofisini. Akasema kwa upole, maana si mtu mbaya, "Ndugu Rehema, nafasi ya kule iko wazi. Na ile nyongeza ipo palepale."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Nafasi! Nikasema, "Bwana, nyongeza ilimpeleka kule. Ilipofika siku yake, haikumshika mkono."

Akaweka kalamu chini. "Basi unataka nini?"

"Tupelekwe wakunga wawili."

"Nyongeza iliyopo ni ya mtu mmoja."

"Tutagawana."

Akasema tangu aanze kazi hajawahi kuombwa jambo la namna hiyo, ila nikimpata huyo mwenzangu, atasaini. Nikamfuata mkunga mwenzangu Agnesi, yule mrefu wa Kinampanda, alikuwa anachemsha vyombo. Nikamweleza yote, hata la korongo. Aliuliza kitu kimoja tu: "Nyumba ina vyumba viwili?" Wanakijiji waliposikia, wakaanza kufyatua matofali ya chumba cha pili. Mzee Njiku ndiye anayekanyaga udongo, na hataki kupokewa zamu.

Tunaondoka Jumatatu, Nuru. Naogopa. Nikifumba macho nakuona kwenye mkeka ule, unawaelekeza watu namna ya kukuokoa, na hakuna anayeweza.

Pumzika, rafiki yangu. Mungu akupe usingizi mwema baada ya kazi yote ile. Nakuahidi hili moja: mimi na Agnesi, yeyote atakayeanza kushikwa na uchungu kule, hatajielekeza mwenyewe. Mwenzake atakuwa ameshanawa mikono.

Rehema