Chapa ya Sotoka

Ijara

Mama,

Shikamoo. Jua la huku linakausha shati kabla sijamaliza kulikamua, lakini maziwa nakunywa hadi nasahau chai yako.

Jana Mama Abdia, mwenye ng'ombe wengi hapa, aliikataa chanjo yetu ya sotoka, ile tauni ya ng'ombe. "Wewe naleta ugonjwa kwa chupa!" Nikachuchumaa nikamweleza: hivi ni virusi vya ndui ya mbuzi, havimdhuru ng'ombe. Tumevibebesha kipande kimoja tu cha sotoka, ili askari wa mwilini wamjue adui kabla hajafika.

Akatazama chapa ya ukoo wao pajani mwa mtamba wake. "Kumbe umepiga mbuzi mpole chapa ya adui, askari najifunza kuijua?"

Mama, miaka yote maabarani sijawahi kuieleza vizuri hivyo!

Akamshika mtamba mwenyewe, nikamdunga. "Sasa wewe hapana toka hapa mpaka mimi naona huyu iko mzima."

Nimekubali. Arusi ya Zawadi ifanyeni bila mimi. Mwambie dadangu nampenda. Niombee, na umwombee huyu mtamba. Sibanduki ubavuni pake mpaka askari wake wahitimu.

Mwanao,
Mwakio