Mchezo Uliokosa Mgomvi

Sumbawanga,
Wakati wa palizi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Napiga magoti kwa kalamu, maana kwa miguu huku ni mbali. Mguu wako wa kushoto umepungua uvimbe? Mimi mzima, ila baridi ya huku hatujazoeana. Najua anayekusomea ni Mwanaidi. Wewe mdogo wangu, soma neno kwa neno, usiruke hata pale utakapoona haya kwa niaba yangu. Na Mama akisema inatosha, endelea tu.

Hii ni barua ya nne, Mama. Zile tatu hukunijibu, na sikulaumu.

Huku, nikimaliza kufundisha watoto, alasiri nafundisha watu wazima kusoma. Katibu wa kijiji akaniomba nitunge mchezo wa kuigiza, wa kueleza jinsi watu walivyohamia kijijini. Nikatunga. Kila mtu ndani yake anakubali kila kitu. Lori linafika, watu wanapanda wanaimba, wanashuka wanaimba, wanalima. Nikajiona fundi kweli. Siku yenyewe, hata nusu hatujafika, kina mama wameshaanza kuchambua maharage yao, na bwana mmoja akauliza kwa sauti, "Mwalimu, huu ni mchezo au mkutano? Mbona hakuna anayekataa?" Watu wakacheka. Nilinuna siku mbili, unanijua.

Nikasema haya, mnataka ugomvi, nitawapa. Lakini ugomvi ninaoujua vizuri ni mmoja tu. Nikaweka mama na mwanawe, lori linawasubiri, mama amekumbatia mafiga yake matatu hataki kuyaacha. Mwana ni mwalimu, suruali imepigwa pasi, anaona aibu mbele ya wenzake. Anamnyang'anya yale mafiga, anayatupa chini na kusema, "Mawe yamejaa kote, Mama, huko Mkata utaokota mengine." Yule mama nilimwandikia alie kidogo, kisha apande gari.

Nafasi ya mama nilimpa Bi Veronika, mjane mmoja anayefinyanga vyungu, mwanafunzi wangu wa alasiri. Siku ya mazoezi akagoma.

"Huyu mama hana la kusema?" akaniuliza. "Mimi siwezi kulia bure, Mwalimu. Kama hana hoja, mwanawe anashindana na nani?"

Nikamwambia ni mtu mzima tu, anapenda vitu vya zamani.

"Ulimuuliza?"

Sikukuuliza, Mama. Ikabidi nikae kitako nimtafutie maneno, na kila neno nililolipata lilikuwa lako. Kwamba mafiga yale ulikabidhiwa na Bibi mzaa baba siku ulipoletwa mwali kutoka Magoma, humjui mtu, akakwambia ukishapikia haya wewe si mgeni tena. Kwamba wale kaka zangu wawili ambao hawakukua, maji yao ya kuogea yalichemshwa juu ya mafiga yale, siku ya kuzaliwa na siku ya kuzikwa. Yote haya nilikuwa nayajua. Siku ile nilijifanya siyajui kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi.

Tulipocheza mara ya pili, maharage hayakuchambuliwa. Nusu ya watu walikuwa upande wa mama, nusu upande wa mwana, wakabishana mpaka njiani. Wale waliohama kwa moyo mweupe walimlilia mama, na wale wenye uchungu walikiri kwamba mwana naye alikuwa na lake, shule na zahanati ni vitu vya kutakwa. Mimi nilikaa pembeni na daftari, nimeinamisha kichwa. Sikufichi, hata leo nasadiki kuhama kulikuwa na maana, la sivyo Mwanaidi asingekuwa anasoma barua hii. Lakini mawe matatu kwenye lori yangemzidi nani uzito? Nilikukosea, Mama. Nilikuaibisha mbele ya watu ili mimi nisiaibike. Nisamehe.

Nisalimie Shangazi, na umwambie blanketi lake ndilo linaniokoa huku. Msalimie Mjomba anayewauzia abiria mahindi ya kuchoma pale Mombo, asipunguze maneno yake matamu. Mwanaidi, wewe salamu zako nitazileta mwenyewe.

Maana shule zikifungwa naja. Nitapita kwanza kule mahame yetu, niyatafute yale mafiga kwenye majani, hata kama ni siku nzima. Hakuna aliyekuwa na haja nayo zaidi yako.

Mchezo wenyewe bado haujaisha. Nimeuachia pale mwana amesimama nje ya nyumba mpya, gunia lenye mawe matatu begani, anabisha hodi. Bi Veronika kila siku ananiuliza mama anajibu nini. Nimemwambia sijui, nimeandika nyumbani kuuliza.

Hodi, Mama.

Mwanao,
Athumani