Mitaro Uliyoifukia, Papa

Papa,

Nilitaka kuanza kwa salamu ndefu kama ulivyotufundisha, kuuliza usingizi, afya na kila kitu. Nimeshindwa. Nimekukasirikia. Hasira hii ninayo tangu mwezi wa nne. Nimeenda nayo kazini, nimeenda nayo misa, nimekula nayo na kulala nayo, na bado iko palepale. Wengine wote nimeshawagombeza. Umebaki wewe.

Maman Nabintu amekufa. Labda mmeshakutana huko na amekueleza mwenyewe, ingawa ninavyomjua atakuwa amekuonea haya. Mimi sikuonei haya. Maman Nabintu, jirani yangu hapa Kadutu, ndiye aliyepika bugali ya watu wote siku za matanga yako. Alipanda mlima mpaka kwetu Ciriri na sufuria zake kichwani, akamshika Mama mkono tulipokuteremsha, akalia kuliko ndugu zako wa damu. Basi mvua kubwa ya mwezi wa nne ilianza mchana, yeye yuko jikoni anachagua maharagwe. Maji yakashuka korongoni mazito kama uji, yakaruka ukingo, yakapiga ukuta wa jikoni, ukuta ukamwangukia. Tulimfukua kwa mikono, kwa sahani, kwa kipande cha bati. Tulichelewa.

Na lile tope nililitambua, Papa. Ndani yake mlikuwa na mizizi ya migomba yetu. Mlikuwa na mihogo ya Mama, ile myekundu ambayo hakuna mwingine anayeipanda upande ule. Watu walisema ni mvua, ni mapenzi ya Mungu, na padri naye akasema hivyo hivyo. Mimi nilisimama pale, miguu imezama hadi magotini katika shamba lako, nikanyamaza kwa sababu ya watoto wake. Sasa wamelala na mimi niko peke yangu, kwa hiyo nitasema.

Kila Noeli ulitusimulia habari ileile, na sisi tuliipenda. Jinsi kapita, msimamizi wa mzungu, alivyowatoa kitandani mwende kuchimba mitaro ya mzungu, ile iliyokata mteremko kutoka upande huu wa mlima hadi ule. Jinsi aliyechelewa alivyolazwa chini na kupigwa fimbo mbele ya mke wake. Kisha Uhuru ukafika. Wewe ndiye uliyetangulia na jembe, mlima mzima ukakufuata, wanaume kwa wanawake, mkaifukia mitaro yote huku mkiimba, na jioni mkanywa pombe ya kasiksi mpaka ndizi zikaisha kijijini. Ulikuwa unamalizia kwa kujipiga paja: «Mutaro ni fimbo yenye balilalisha chini!» Sisi tulipiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Sijasahau mgongo wako. Mama alikuwa anaupaka mawese jioni, na mimi niliyatazama yale makovu nikidhani kila papa anazaliwa nayo. Kwa hiyo usiniambie kwamba sielewi. Naelewa vizuri sana, na hasira yangu haiishii kwako, wale wazungu nao wamo. Walikuwa na kitu chema mkononi, wakakileta kwa fimbo, hawakumweleza mtu hata neno moja, kisha wakashangaa kwamba mmekichukia. Wangekuwa hai mbele yangu ningewaambia hivyo hivyo, na kwa sauti.

Lakini wewe, Papa, ulielewa. Hapo ndipo ninapochemka. Wengine walichimba tu, wewe ndiye uliyebeba ile pembe tatu ya kupimia, kwa sababu agronomu, bwana shamba wao, aliona jicho lako halikosei. Ukanitengenezea na mimi ya kwangu, ndogo: miti miwili imefungwa pamoja juu, wa tatu unakata katikati, jiwe linaning'inia kwa kamba. Jiwe likitulia kwenye alama, miguu yote miwili iko sawa, hakuna wa juu wala wa chini. Tukawa tunatembea nayo mlimani, wewe unageuza mguu mmoja, mimi ninaweka kijiti, tukichora mstari usiopanda wala kushuka. Siku moja ulichukua kopo la maji ukalimwaga kwenye mteremko mtupu. Yakakimbia na udongo. Ukalimwaga tena ndani ya kijitaro changu. Yakakaa, yakazama, yakaisha. «Unaona, mwana wani? Maji ikipata fasi ya kukaa, haikimbie tena.» Nilicheka nikakuomba umwage tena na tena mpaka Mama akatuita tukale.

Ulijua, basi. Ulijua mtaro unafanya kazi gani, ukaufukia, tena kwa nyimbo.

Miaka ya kwanza mlima ulikuvumilia. Huko juu bado kulikuwa na miti na majani, mvua ikianguka ilipata pa kushikwa. Tangu uondoke miti imekwenda yote kwenye makaa ya kupikia, na nyumba zimepanda mpaka karibu na kwetu, za mabati, kila paa linatupa maji yake chini kwa mkupuo mmoja. Mvua yote inayoanguka kati ya mgongo wa mlima wetu na ule wa pili ina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni korongo letu linalopita Kadutu hadi ziwani. Ninyi wa juu mnafungulia, sisi wa chini tunapokea. Ukiwa na shamba huko juu una mkono kwenye kila nyumba iliyo chini yako, upende usipende. Hakuna aliyetuambia hivyo shuleni, na wewe uliyejua ulitusimulia habari za ngoma.

Serikali nayo iliamka, usidhani. Baada ya mazishi ya Maman Nabintu alikuja mkubwa mmoja na suti yake ya abakosti iliyopigwa pasi, anaruka madimbwi kama mbuzi. Akatangaza Salongo, kazi ya lazima ya umma: kila Jumamosi kila citoyen, kila raia, aje na jembe, asiyekuja atalala kasho, gerezani. Lile tangazo nililipiga mimi mwenyewe kwa mashine ofisini, maana ndiyo kazi yangu. Nikamwuliza mitaro ichimbwe wapi, na kwa mstari gani. Akanijibu: «Citoyenne, andika tu mitaro.» Basi watu wakachimba kama mtu anavyochimba akisimamiwa na askari: wima, kutoka juu mpaka chini, kandokando ya njia ambako gari la mkubwa litapita aone. Mtaro wa wima ni barabara ya maji, na mvua iliyofuata iliitumia barabara hiyo vizuri sana, ikaondoka na choo cha watu. Ungekuwepo ungecheka mpaka machozi, ungesema uliwaambia fimbo haizai kitu. Hapo pia ningekukasirikia, ingawa ungekuwa na haki.

Kwa hiyo nilikata shauri kuichimba upya ya kwetu, sawasawa, kabla mvua mpya hazijakaza. Nikapanda na jembe na pembe tatu niliyoifunga mwenyewe. Mugisho, mtoto wako wa kiume, mrithi wako, akasimama kwenye njia ya shamba mikono kiunoni. Siku unakata roho, mimi nimeenda kumtafuta padri, ulimwambia: «Hakuna mutu atachimba mutaro mu shamba yangu. Ata mukubwa wa serikali. Ata mutoto yangu.» Kaka yangu hajawahi kushika neno lako hata moja ulipokuwa mzima, si la kufunga mbuzi, si la kurudisha jembe la watu, lakini hili amelishika kama katekisimu. «We ni mwanamuke, uliolewa, hii shamba haikuangalie. Unataka kutuletea laana?»

Papa, kwa nini? Ulikuwa umebakiwa na pumzi chache. Ungeweza kutuambia tupendane. Ungeweza kumwambia Mama kwamba unampenda, jambo ambalo hajalisikia tangu umwoe. Ukazimaliza pumzi kwa habari za mitaro!

Mama ndiye aliyekata maneno. Alikuwa amekaa anamenya mihogo, hakuinua hata macho. «Papa yenu alikasirikia fimbo. Udongo haikumupigaka.» Akaendelea kumenya. Mugisho akaenda kunywa. Baadaye akarudi, amenuna, lakini na jembe. Tangu hapo tunachimba kila Jumapili baada ya misa. Wakubwa wa watoto wa Maman Nabintu wanapanda kutoka chini kutusaidia. Ndiyo, wale watoto wake, wanachimba katika shamba lililomwua mama yao, na hawajatutupia neno. Mimi siwezi kuwatazama usoni. Ndani ya mtaro tunaacha vikuta vya udongo ili maji yasikimbilie pembeni, na ukingoni tunapanda matete. Mtaro wa juu umekwisha. Umeshapata mvua yake ya kwanza, na niliketi chini ya mgomba nikayatazama maji yamekaa humo, yametulia, yanazama kidogo kidogo. Nikalia kwa hasira, kwa vile kazi yenyewe ilikuwa rahisi hivyo.

Sasa tumefika mtaro wa pili, na hapa ndipo Mugisho ametupa jembe. Mstari unatoka kwenye mparachichi, unapita migombani, unakuja moja kwa moja kwenye kaburi lako. Unapita kichwani pako, kati ya msalaba na lile jiwe analokalia Mama akija kukuombea. Nilirudi nikaanza kupima upya kutoka upande wa pili, nikitumaini nimekosea. Mstari ukaja palepale. Ndipo nikakumbuka jinsi wachimba kaburi walivyofurahi siku ile, eti udongo laini, jembe linazama lenyewe. Ulikuwa laini kwa sababu ulikuwa mtaro, Papa. Mahali hapo ulipachagua mwenyewe. Sisi tulidhani ulitaka kuona ziwa. Ulijilaza juu ya mtaro wa zamani ili asiwepo mtu wa kuufungua!

Mugisho anasema tuukate, uishie kabla yako, uanze tena baada yako, tukuachie nafasi kwa heshima. Maji hayana heshima. Yakipata mwanya mmoja, ya mtaro wote yatatokea hapohapo, yatakufumua wewe kwanza, kisha yatashuka hadi kwenye lile jiko ambalo watoto wa Maman Nabintu wamelijenga tena kwa mbao za makasha. Anasema basi tuupindishe upite chini ya miguu yako. Ukipinda chini, maji yote yatakusanyika kwenye pindo hilo na kuvunja ukingo. Nimemweleza. Anaelewa, si mjinga. Anasema tu kwamba kwetu jembe halisogelei kaburi. Baba wadogo wamekubaliana naye, na shangazi amesema nikithubutu nisikanyage kwake tena hata kwa msiba.

Na nikuambie ukweli: hata mkono wangu unakubaliana nao. Jumapili iliyopita niliinua jembe pale, likabaki juu. Sikuweza kulishusha. Nikasimama hivyo mbele ya watoto wa watu, kisha nikaliweka begani nikarudi nyumbani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kwamba nakukasirikia hivi na bado nakupenda hivi, na wewe umelala katikati ya njia, huwezi hata kusogea kidogo.

Jana nilipopanda kumpelekea Mama chumvi na sabuni nilikuta amelisogeza lile jiwe lake. Amelitoa ukingoni mwa mstari, ameliweka upande wa juu, peke yake, pamoja na mgongo wake ule unaomsumbua. Nilimwuliza amelivingirishaje. Akaniuliza kama nimeshakula.

Basi sikuombi ruhusa, maana ungeninyima. Mugisho simlazimishi, akija atakuja. Hakuna mtu atakayesukumwa wala kutishwa kwa ajili ya mtaro huu, hilo nakuahidi, na watoto wangu nitawaeleza kila kitu, mgongo wako na Maman Nabintu, vyote viwili, wasikulie habari nusu kama mimi. Nitachimba polepole, kina kidogo tu, sitashuka mpaka ulipolala. Matete upande wako nitayapanda mistari miwili. Na mvua zikipita bila kugonga mlango wa mtu huku chini, nitakuja kukaa na Mama kwenye jiwe lake, na labda siku hiyo nitaweza kukusalimu vizuri.

Pumzika, Papa. Jumapili, ukisikia jembe karibu na kichwa chako, usishtuke. Ni mimi.

Mtoto wako,
Nsimire