Uso Wangu Ulioko Getini

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Duka la Viatu.
Jumapili, 14 Julai.

Mpendwa Bibi, mke mwenzangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, si umesimama juani ukigombana na kuku. Goti lako linasemaje? Shangazi aliniandikia kwamba dawa ya kuchua umeificha kwa sababu inanuka. Shangazi, wewe unayemsomea, hapo pandisha sauti. Bibi, jipake dawa! Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Upweke tu ndio umenizoea, hata nikifungua mlango jioni naona kama wenyewe ndio unaonikaribisha.

Kazi ya uuguzi ni ileile niliyoisomea. Hospitali ni ya serikali, wagonjwa ni wengi. Halafu utacheka, maana siku hizi mimi ni mtu maarufu. Hospitali imetengeneza bango kubwa la usawa lililoandikwa "Huduma ni ya wote, na wahudumu ni wa kila asili." Wakanipiga picha mimi, kwa kuwa katika wadi yetu mgeni ni mimi peke yangu. Basi niko pale getini nacheka meno yote nje. Watu husimama wakanitazama, kisha wakikutana nami koridoni hawanijui. Ile picha imenishinda bahati.

Huko ndani mambo ni mengine. Mgonjwa akisema hataki kuguswa na mgeni, muuguzi mkuu huniondoa kimyakimya na kumweka mwenzangu. Huyo mkuu wetu tunamwita Mama Funguo kwa jinsi funguo zinavyomlia kiunoni. Hafanyi kwa ubaya. Huniambia, "Mwanangu, nakuepusha na matusi." Lakini wagonjwa nao si wajinga, walishajua kwamba ukikataa unabadilishiwa. Akakataa mmoja, wakafuata wengine, mwisho nikajikuta stoo nakunja mashuka kutwa nzima. Mashuka hayaugui, Bibi, wala hayaitikii salamu. Niliogopa mikono yangu itasahau kazi, nikautoa mfuko wangu uvunguni nikaanza kupanga nguo za safari. Sikukuandikia hayo kwa sababu nilijua ungesema rudi, nami ningerudi.

Wa mwisho kunikataa alikuwa mzee wa kitanda cha dirishani, fundi saa mstaafu aliyeanguka ngazini akavunjika mikono yote miwili. Hata kijiko hawezi kushika. Alisema waziwazi kwamba afadhali alale na njaa kuliko kulishwa na mimi.

Hapo nikakumbuka unavyopenda kusema mficha uchi hazai. Kwenye kikao cha usawa, ambamo mimi hukalishwa mbele kama ua la mezani, nilipiga moyo konde nikasimama. Nikawaambia kwamba kila wanaponiondoa wanampa mgonjwa haki ya kunikataa kwa asili yangu, na kama mambo ndiyo hayo, basi lile bango la getini ni uongo na picha yangu naitaka. Hakuna aliyenitazama mpaka kikao kikaisha, na chai nilikwenda kuinywea kwenye ngazi.

Kesho yake nilipangiwa kumpelekea mzee supu ya mchana, akaita abadilishiwe. Mama Funguo akasimama mlangoni, akasema, "Mzee, muuguzi wako ni huyu. Mwingine sina." Akaondoka na kelele za funguo zake.

Mzee akageukia ukuta. Mimi nikavuta kiti nikakaa na bakuli mkononi. Supu ikapoa, nikaenda kuipasha, nikarudi nikakaa tena. Safari hii akafungua kinywa bila kunitazama. Nikamlisha kijiko baada ya kijiko. Namfuta kidevu, nikamsikia anauliza, macho yako palepale ukutani, "Na wewe umekula?"

Bibi, tangu nifike huku hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamjibu, "Nimekula, mzee," nikiwa sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Kisha nikaenda stoo, nikalia hadi nikalowesha mashuka niliyoyakunja mwenyewe.

Usidhani tumekuwa ndugu. Siku iliyofuata alilalamika kwamba namlisha mbio kama mtu anayewahi basi. Juzi wameruhusu aende kwao, akaondoka bila kuniaga. Lakini sijaondolewa tena kwenye kitanda cha mtu, na mfuko wangu umerudi uvunguni.

Nisalimie Babu, mume wetu, na umwambie mke wa tatu hatumtaki. Msalimie mjomba fundi cherehani. Shangazi, asante kwa macho yako. Mungu awafunike nyote, na goti la Bibi alitazame kwa jicho la pekee.

Mara mbili umeniuliza nakula na nani, nami nimelizunguka swali hilo mpaka karatasi inakwisha. Nakula peke yangu, Bibi. Ukiniandikia, usiniulize tena nakula na nani. Niulize tu kama nimekula.

Mjukuu wako akupendaye,
mke mwenzio wa mbali.