Mguu wa Dada Maimunah

Kibuli,
Kampala.
11 Januari 2026

Mpendwa kaka yangu Nasur,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba joto la huko Sharjah limepungua kidogo, maana mara ya mwisho ulilalamika kwamba usukani wa basi unakuchoma viganja. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma kabla ya Idd uliipata, au niliyemtuma alijichua yeye? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Goti langu linanisumbua nikikanyaga cherehani, lakini nakula vizuri na mdomo haujachoka, kwa hiyo ujue nipo.

Najua unashangaa kuletewa karatasi siku hizi ambapo kila mtu ana simu. Sababu unaijua wewe mwenyewe. Nikikutumia sauti kwa WhatsApp, pale tu ninapotaja jina la Taban, unaizima. Karatasi haizimwi, kaka. Na aliyekuletea nimemwomba asiondoke mlangoni mpaka amekuona unaifungua. Mpe kiti, naye ni mgeni. Kisha keti na wewe, usome mpaka mwisho.

Nyumbani kumetulia. Msikitini wamepaka rangi upya, na bati letu la upande wa jikoni limebadilishwa. Dada yetu Maimunah bado anauza vitunguu Kalerwe, palepale pembeni mwa mfereji. Nilimwambia ahame, akanijibu wateja wake wanamjua hapo na yeye anaujua mfereji. Unakumbuka pale palivyoinama? Kitunguu kikidondoka mezani kinakimbilia majini. Basi Dada hata hainami. Anaongea na mteja, anarudisha chenji, na mguu wake unatoka wenyewe unakisimamisha. Wenzake sokoni wanamcheka, lakini nao wakidondosha nyanya wanamwita.

Kumbuka huo mguu, nitaurudia.

Sasa nakuja kwa mwanao. Usigeuze uso. Taban amekuwa mtu, kaka. Bega pana kama lako, mwendo wa polepole kama wako, na akikasirika anakunja mdomo upande mmoja, utadhani umemkopesha sura. Magazeti ya hapa sasa yanaandika habari zake. Moja lilisema hakuna mchezaji wa gofu wa kulipwa hapa Uganda anayecheza vizuri kama yeye mpira ukiwa mahali pabaya. Kwenye nyasi ndefu, nyuma ya mti, ndani ya mchanga, wengine wanapiga kelele na kulaumu upepo. Yeye anautazama ule mpira kama fundi anayetazama injini, anachagua fimbo, anapiga. Mimi niliyekuwa nikiona gofu ni kazi ya kutembeza tumbo la matajiri, sasa nikisikia redio inataja matokeo nasimamisha cherehani.

Najua ulichomwambia pale Entebbe siku unaondoka, mbele yetu sote. Ulisema mchezo ambao majina ya wachezaji wake yanabandikwa kwenye maduka ya kubeti ni kamari, na kwamba akiendelea nao asikuite baba. Hujamsikia sauti tangu siku hiyo. Kaka, kubeti kupo, sitakudanganya. Pale chini ya mlima kuna duka, na yakija mashindano wanabandika nani atashinda na nani atashindwa. Ila wachezaji wenyewe wamekatazwa kabisa. Hawaruhusiwi kuweka dau, wala kumwambia mtu siri za mchezo wao. Unamkumbuka Elisée, yule Mkongo wa bodaboda anayembeba Dada kila asubuhi? Alimuuliza Taban kitu kidogo tu, bega linaendeleaje. Taban akageuza maneno, akamuuliza habari za Arsenal. Elisée alinuna wiki nzima. Huyo mwanao ndiye unayemwita mcheza kamari.

Mwezi uliopita kulikuwa na mashindano makubwa hapa Kampala. Walikuja watu kutoka Kenya, Rwanda, Kongo, hata Zambia. Mshindi alikuwa anapata zawadi yake, lakini Taban hakuizungumzia hiyo. Alichokitaka kilikuwa kingine: mshindi anaalikwa kucheza Dubai mwezi huu wa Januari. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho alikula kwetu, akatuambia mimi na Dada kwa nini anaitaka nafasi hiyo. Alisema, “Kutoka Dubai mpaka kwa Baba ni karibu. Nitasimama mlangoni. Simu anaweza kukata, lakini mimi nikisimama pale, atanikata vipi?” Dada aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi tayari.

Kwa hiyo asubuhi tulienda sote. Dada alifunga biashara, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa na malaria. Tulivaa gurbaba zetu, zile nguo za harusi zenye nakshi, na Elisée akatubeba wawili kwa pikipiki moja, vitambaa vinapepea nyuma kama bendera. Getini walidhani tumekuja kuimba.

Kaka, kule ndani ni kuzuri! Majani yamekatwa mpaka unaogopa kuyakanyaga. Na kimya, ungedhani ni maziko. Kuna mzee mmoja kazi yake ni kuinua bango la kuwanyamazisha watu. Taban alipopiga mpira wa kwanza ukapotelea angani, mimi nikapiga kigelegele, mzee akaniinulia bango. Tangu hapo hakuniacha, alinifuata shimo kwa shimo kama askari na mwizi wa kuku.

Aliyekuwa akishindana naye kwa karibu ni Barnabé, mtu wa Lubumbashi, mrefu, mwenye heshima. Huyo naye ni wa kutazamwa. Fimbo yake ikishuka huisikii, unasikia mpira tu. Mashimo yote ya mchana walikuwa wanapokezana, huyu mbele, yule mbele, na mwenzake akipiga vizuri wanapeana mkono. Sijawahi kuona watu wanaoshindana wakiheshimiana hivyo. Walifika shimo la mwisho wakiwa sawasawa kabisa.

Shimo hilo lina kijito kinachokatiza mbele ya bendera. Sisi watazamaji tulikuwa kwenye mteremko, upande wa pili wa kijito. Barnabé akapiga, mpira wake ukatua karibu na bendera. Taban akafuata. Ukapaa vizuri, nami nikaanza kukusanya kigelegele kooni, mzee wa bango akaanza kukusanya bango lake. Upepo ukaurudisha. Ukaangukia kwenye mteremko wetu, ukaanza kubingirika polepole kuelekea majini, ukapita mbele ya Dada.

Dada akatoa mguu.

Ukasimama chini ya ndala yake. Watu wakavuta pumzi wote pamoja. Dada mwenyewe alikuwa anautazama mguu wake kama wa mtu mwingine.

Mwamuzi akaja, mwanamke wa Gulu anayeitwa Akwero, kofia nyeupe, sauti ya upole. Wakati anakuja, Elisée akainama kwenye sikio la Dada, na mimi nilikuwa katikati yao nasikia kila neno. Elisée anazijua kanuni za gofu kuliko imamu anavyojua adhana, kwa sababu hela zake ziko huko. Akamwambia, “Mama, sikia. Ukisema mguu iligonga mpira kwa bahati mbaya, anapiga tu kutoka hapo, hakuna mubaya. Ukisema uliisimamisha kwa makusudi, wanahesabu ilianguka kwa maji, wanamuongezea pigo moja. Sema bahati mbaya, Mama. Mguu ilienda yenyewe!”

Na kweli, kaka, nani angemkatalia? Sisi wote tunaujua ule mguu. Ningeapa mimi mwenyewe kwamba ulienda wenyewe.

Taban na Barnabé walikuwa wamevuka daraja, wakafika. Akwero akawauliza kama waliona. Barnabé akasema alikuwa mbali, atakubali lolote Mama atakalosema. Taban alikuwa anahema. Akasema, “Mimi pia nilikuwa mbali, sikuona. Huyu ni shangazi yangu, ndiye alinilea. Muulizeni yeye, atasema vile ilikuwa.” Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa na kuangalia chini, ili Dada asisome kitu usoni kwake.

Akwero akamuuliza, “Mama, mguu yako iligusa mpira kwa bahati mbaya, ama uliisimamisha?”

Nilimwona Dada akimtazama yule mtoto. Alijua kilichokuwa pale. Alijua Dubai, alijua mlango wako, alijua maneno ya usiku. Mimi moyoni nilikuwa namwombea aseme uongo, Mungu anisamehe.

Akasema, “Niliona mpira inaenda kwa maji, nikaisimamisha.”

Akwero akamuuliza tena, taratibu, kama ana uhakika haikuwa bahati mbaya tu. Nadhani hata yeye alitaka kumsaidia.

Dada akajibu, “Mguu ni yangu. Haitoki bila mimi.” Akaunyanyua, akasogea kando, machozi yanamtoka wala hayafuti.

Taban akaja mbele yake, mbele ya watu wote wale, akamshika mikono miwili na kusema, “Asante, Shangazi.” Hilo tu. Wakampangia mahali pa kuuangusha mpira ng'ambo ile ya kijito, akarudi darajani, akaongezewa pigo lake. Hapo ndipo ungemwona, kaka. Hakukunja mdomo. Alitazama, akachagua fimbo, akapiga mpira ukaenda kulala karibu kabisa na bendera, nao watu wa Kenya wakasahau kimya wakashangilia. Akautia shimoni. Barnabé naye akautia wake kwa mapigo mawili. Taban akashindwa kwa pigo moja.

Nikapiga kigelegele. Mzee akainua bango. Nikapiga kingine, nikamtazama machoni, akalishusha.

Kurudi nyumbani Elisée alizunguka njia ndefu kwa hasira, mpaka tukafika kwenye taa za Nakawa. Pikipiki iliposimama akageuka, akasema, “Mama, leo umenimaliza kabisa. Lakini siku mimi naenda kortini, wewe ndiye shahidi yangu.” Kesho yake wengine waliopoteza hela zao kwa kubeti walikwenda Kalerwe kumtukana, wakisema Dada kauza mechi. Elisée ndiye aliyewafukuza. Nakuambia haya uone kwamba wenye kamari walikuwa pale, ndiyo, na walitaka uongo, na mtu wa nyumba yetu hakuwapa. Wala mwanao hakuuomba.

Jioni ile nilidhani Taban atavunjika. Alikula, akaswali, akamkanda Dada mguu kwa mafuta ya simsim huku akimtania kwamba ndala ile iwekwe kwenye kabati la vikombe. Ila alipokuwa anatoka, nilimwona amesimama kizani pale mlangoni kwetu, mkono uko juu kama anayetaka kubisha hodi kwenye nyumba ambayo tayari yumo. Nilijifanya sijaona. Nimelia sana kwa ajili ya ule mkono, kaka.

Sasa mtazame mgeni wako vizuri. Mrefu, ana heshima, anazungumza Kiswahili cha Lubumbashi. Huyo ndiye Barnabé. Siku ile baada ya kupokea kikombe alikuja kumwamkia Dada, akasema, “Mama, nafasi hii nimeipata kwa mukono yako. Kama kuna mutu wako kule, nitamufikia.” Hakujua alichokuwa anakisema. Sisi tulijua. Ndiyo maana barua hii ameileta yeye. Hapo aliposimama mlangoni pako, kaka, mwanao ndiye aliyekuwa asimame.

Sikulazimishi upende gofu. Nakuomba uje Idd hii, au kama mwajiri hakupi ruhusa, upige simu. Namba yake haijabadilika. Anailipia ileile makusudi.

Wakusalimu wote: mume wangu, mashemeji wa Bombo, majirani wa msikitini, hata Elisée, ambaye anasema huna haja ya kumrudishia hela zake. Taban hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake sina. Nina zangu tu ninazokuletea kwa niaba yake. Mola akulinde barabarani, akupe nguvu za mgongo na ulaini wa moyo.

Sikutaka barua hii iishe bila neno la Dada Maimunah. Nilimsomea yote, akasikiliza akimenya vitunguu, kisha akasema niandike hivi, bila kupunguza: “Mwambie Nasur, mguu ulikuwa wangu, nikasema ni wangu mbele ya watu. Yale maneno ya Entebbe ni yake.”

Dada yako mdogo akupendaye hata unapozima simu,
Husnah